Daktari mgeni leba: malengo ya miezi ya mwanzo Tabora

Daktari kijana anayeota ubingwa wa uzazi akipangiwa leba ya Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, hamu yake ya kwanza huwa kushika kisu. Subiri. Lengo la mwezi wa kwanza liwe kuisoma vizuri patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu, na kumwita bingwa wakati mtoto bado ana nguvu.

Anza na wakunga. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo, kisha muulize ni mama yupi anamtia wasiwasi. Huyo ndiye wa kumwona kwanza, hata kama faili lake linaonekana safi.

Mapigo ya moyo ya mtoto na uchungu hupimwa kila dakika 30, kufunguka kwa njia ya uzazi kila saa 4. Kwenye patografu yenye mistari, ule wa tahadhari huanzia sentimita 4 na kupanda sentimita 1 kwa saa; wa kuchukua hatua uko saa 4 kulia kwake. Fomu ya WHO ya 2020 huanzia sentimita 5 na haina mistari hiyo, kwa hiyo angalia umeshika ipi. Kosa sugu ni kuijaza mtoto akishazaliwa: alama zote hupanda vizuri, na saa ambayo njia iligoma kufunguka haionekani tena.

Kabla ya kuongeza uchungu, uliza kwa upole kama mama amekunywa dawa ya kienyeji. Dawa hiyo inaweza kuleta uchungu usioachia; huo humnyima mtoto hewa, na oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, juu yake inaweza kupasua mfuko wa uzazi. Kama Kiswahili kinamsumbua, tafuta mhudumu anayejua Kinyamwezi. Mama mkwe usimtumie kwa swali hili. Pengine ndiye aliyeichemsha.

Kifafa cha mimba ndicho kinachowababaisha wengi, basi jizoeze dozi kabla mgonjwa hajafika. Soma lebo ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege lake. Ikiwa ni asilimia 50, vuta ml 8, ongeza ml 12 za maji ya sindano: hizo ni gramu 4, za mshipani, polepole kwa dakika 5 au zaidi. Kisha choma gramu 5, yaani ml 10 bila kuchanganya na maji, kila tako. Dozi za baadaye ni gramu 5 kila saa 4, kwa kupokezana matako. Kila mara hakikisha kwanza anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo umefika ml 100 kwa saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, usichome. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuipinga magnesiamu ikizidi, iwe kwenye trei hiyohiyo, kwa sababu pumzi ikianza kukata hutakuwa na muda wa kutafuta ufunguo wa kabati.

Ukipokea zamu, fungua friji: oksitosini hukaa nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika muda mrefu huisha nguvu ilhali chupa inaonekana nzima.

Kuhusu maisha, kula kabla ya saa mbili usiku, maana baadaye hakuna uhakika. Asubuhi ukitoka zamu, usiendeshe pikipiki ukisinzia; panda boda au lala kwanza chumba cha madaktari.

Daftari la kazi lijaze siku ileile: tarehe, sababu ya upasuaji, ulitazama, ulisaidia au ulifanya ukisimamiwa, na hali ya mama na mtoto. Jina la mgonjwa usiandike. Ukienda kusomea ubingwa Muhimbili au Bugando, utajua upasuaji gani umeuzoea na upi umeutazama tu.