SOMO: Bebas Neue, fonti ya kubeba maneno marefu kwenye bango bila kuyaminya

Wadau habari za saa hizi. Watu kadhaa wameniuliza inboksi kuhusu ile fonti ya herufi ndefu zilizobanana, ile unayoiona kwenye mabango ya gereji, posta za ngumi na fulana za jogging. Mara nyingi ni Bebas Neue, kachora Mjapani anaitwa Ryoichi Tsunekawa, na ni ya bure hata kwa kazi ya kulipwa. Leseni yake inaitwa OFL, mprintie mteja chukua hela yako, ila kuiuza fonti yenyewe peke yake hairuhusiwi.

Kwa nini naipenda? Kiswahili chetu kinarundika kila kitu kwenye neno moja. Mwingereza anaandika WELDING herufi saba kamaliza, wewe unaandika TUNACHOMELEA herufi 12 na bado hujasema mageti. Sasa hapo wengi tunakosea, unachukua Arial unaishika pembeni unaisukuma mpaka itoshe. Mimi nilishafanya hivyo kwenye bango la fremu moja ya spea, futi nane kwa tatu, kwenye skrini likaonekana fresh, lilipotundikwa nikaona aibu: miguu ya N imekuwa vijiti, mistari ya kulala ya E imebaki minene vilevile, O imekuwa yai limekaliwa. Ukiminya herufi kwa ubavu mistari ya wima ndo inakonda, ya kulala haikondi, ndo maana inaonekana mgonjwa.

Wazee wa herufi za risasi, yaani vile vipande vya madini ya risasi walivyochapia zamani, hawakuwa na ujanja huo maana risasi haivutiki. Morris Fuller Benton alipoichora Alternate Gothic kwa American Type Founders kule Marekani mwaka 1903 ilitoka kwa upana tatu, kichwa cha habari kikigoma kuingia kwenye safu unahamia nyembamba zaidi, basi. Bebas ni ya mtindo huohuo, imechorwa nyembamba tangu mwanzo.

Hatua ya 1. Ingia Google Fonts, tafuta Bebas Neue, daunlodi, fungua zip, instoo. Kwenye Canva ipo tayari.

Hatua ya 2. Punguza maneno KABLA ya kugusa saizi. Hii fonti ni ya kupiga kelele, sio ya kusimulia. Mteja atakuletea aya nzima, "tunapenda kuwatangazia wateja wetu wote", hiyo tupa. Bakiza kazi, mahali na simu.

Hatua ya 3. Kuza mpaka ijae upana. Mafundi wa mabango wana kipimo chao, inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi 10 za umbali, kwa hiyo msomaji akiwa ng'ambo ya barabara futi 60 herufi isipungue inchi sita, na kwa herufi nyembamba kama hizi mi naongeza kidogo.

Hatua ya 4. Achanisha herufi kidogo. Kwenye programu za Illustrator au Photoshop seti trakingi (nafasi kati ya herufi) 20 hadi 40, ukiweka sifuri na bango liko mbali, neno linageuka ukuta. Namba ya simu igawe nne-tatu-tatu, na usichanganye O na sifuri maana humu zinafanana kama mapacha.

Hatua ya 5. Kabla ya kupeleka kuprinti geuza maandishi yawe mchoro: Illustrator ni Ctrl+Shift+O, CorelDRAW ni Ctrl+Q. Usipofanya hivyo na kompyuta ya pale haina fonti yako, itaweka yoyote inayoipata, utakuja kulia. Ila tunza kopi ambayo haijageuzwa, mteja LAZIMA atabadilisha namba.

MASWALI

Swali: Mkuu mbona yangu haitoi herufi ndogo, nimedaunlodi mbovu?
Jibu: Haina herufi ndogo kaka, ukiandika ndogo inatoa kubwa. Ukizitaka chukua Oswald ya Vernon Adams, nayo bure na ina unene tofautitofauti.

Swali: Naweza kuandikia menyu ya mgahawa?
Jibu: Vichwa tu, VINYWAJI, SUPU, basi. Orodha na bei weka fonti ya kawaida, mtu ana njaa usimsumbue.

Swali: TUNANG'ARISHA MAGARI, kile kialama kinanitokea kama kimelala.
Jibu: Umebonyeza kile cha kushoto juu karibu na namba 1, sicho. Tumia cha karibu na Enter, halafu sogeza G na A kwa mkono maana hapo huwa panaacha pengo.

Swali: Stika za kukata kwa plota, ile mashine ya kisu, zinanisumbua, vitundu vya A na R vinang'oka.
Jibu: Umeenda ndogo mno dada. Kuza, au hayo maneno madogo yaprinti badala ya kukata.

Swali: Mimi napaka kwa brashi ukutani, sina kompyuta.
Jibu: Mwambie mtu wa steshenari akuprintie neno vipandevipande kwenye A4, unga kwa gundi, paka chaki nyuma ya karatasi, bandika ukutani upitishe penseli juu ya mistari, ukibandua utakuta alama. Anza kupaka herufi za katikati kwanza, mkono ukiwa bado haujachoka.