SOMO: Kufunga mlango wa kioo wenye mashine ya sakafuni (maduka na ofisi, Arusha na Moshi)

Mlango wa kioo ukianza kukwaruza sakafu, au ukafika katikati ukagoma kufunga, lawama ya kwanza huangukia mashine, ile iliyozikwa sakafuni inayourudisha mlango ujifunge wenyewe. Mwenye duka ananunua nyingine, inafungwa palepale, na baada ya wiki chache mlango unakwaruza tena. Mara nyingi mashine ya kwanza ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni, wa kupimia wima): pini ya juu na kichwa cha mashine chini, ambavyo mlango huzungukia, havikuwa kwenye mstari mmoja wa wima. Ndiyo maana sehemu ndefu ya somo hili ni ya kupima, na ya kufunga kioo chenyewe ni fupi.

Tunazungumzia kioo kitupu cha tempadi (kilichoimarishwa kwa joto tanurini) cha mm 12, kisicho na fremu, kinachoshikwa na pachi (vibano vya chuma) juu na chini, na kuzunguka juu ya mashine ya haidroliki iliyozikwa sakafuni. Ni ile milango ya benki, famasi na maduka ya simu.

Kabla ya kununua: uzito

Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kwa hiyo mm 12 ni kilo 30 kwa mita ya mraba. Mlango wa upana wa sm 90 na urefu wa sm 210 una mita za mraba 1.89, yaani karibu kilo 57. Ongeza pachi, mkono na kitasa, unafika kilo 60.

Kiwango cha Ulaya EN 1154 kinapanga mashine kwa namba. Namba 3 ni ya mlango usiozidi upana wa mm 950 na kilo 60, namba 4 ni mm 1100 na kilo 80, namba 5 ni mm 1250 na kilo 100. Mlango wetu wa kilo 60 uko ukingoni kabisa mwa namba 3, kwa hiyo chukua namba 4, hasa kama duka linatazama barabara wazi yenye upepo. Upana nao ni muhimu: mlango mwembamba wa kilo 70 hausumbui mashine kama mlango mpana wa kilo hizohizo. Usinunue mashine kwa kusoma kilo peke yake kwenye boksi.

Hatua ya 1: Sakafu iishe kwanza

Usichimbe kabla vigae havijawekwa, au angalau kabla hujajua kwa uhakika sakafu itaishia wapi. Mfuniko wa mashine unatakiwa ulale sawa na uso wa kigae. Ukizama mm 5, pale pana kidimbwi cha maji. Ukiinuka, watu wanajikwaa.

Pitisha pimamaji kwenye eneo lote ambalo mlango utapita, siyo mlangoni tu. Sakafu nyingi za barazani zimeinamishwa ili maji ya mvua yatoke, na mlango ukifunguka kuelekea upande uliopanda, kioo kitagusa kabla ya nyuzi 90.

Hatua ya 2: Pini ya juu na timazi

Anza juu. Pachi ya juu au pini yake ifungwe kwenye kitu kigumu: linta ya zege, au bomba la chuma la mraba lililofungwa kwenye jengo. Kisha tafuta katikati ya pini. Umbali wa katikati hiyo kutoka ukingo wa mlango hutegemea pachi. Wengi huweka mm 65 au 70, ila soma karatasi iliyomo kwenye boksi lako, kwa sababu pachi ya kampuni moja na mashine ya nyingine huweza kutofautiana.

Shusha timazi kutoka katikati ya pini mpaka sakafuni. Funga shabiki, zuia upepo, subiri uzi utulie kabisa, weka alama ya msalaba. Rudia mara ya pili. Alama mbili zisipolingana, usichimbe.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Tuseme kichwa cha mashine kimekwenda mm 6 ndani au nje ya mstari wa mlango, na kimo ni sm 210. Mlango wa sm 90 ukifunguliwa nyuzi 90, pembe yake ya mbali itashuka karibu mm 2.4 upande mmoja, na kupanda kiasi hichohicho upande wa pili. Mteja ataona mlango unakwaruza akivuta na haukwaruzi akisukuma. Kosa likiwa kulia au kushoto badala yake, utaliona mlango ukiwa umefungwa: uwazi wa pembeni utakuwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume. Dalili hizi mbili zinatosha kukuambia kosa liko upande gani bila kubomoa kitu.

Hatua ya 3: Kuagiza kioo

Kioo cha tempadi hakikatwi, hakitobolewi, hakisagwi ukingo baada ya kutoka tanurini. Kila tundu na kila pengo la pachi lazima liwe kwenye mchoro. Kikikosewa, kinatengenezwa kingine, na safari inaanza upya.

Pima upana sehemu tatu (juu, katikati, chini) na kimo sehemu tatu. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Tuseme uwazi ni mm 1800 kwa mm 2110, milango miwili. Acha mm 4 kila pembeni na mm 4 katikati, jumla 12. Inabaki 1788, kila kioo mm 894. Kimo: mm 4 juu na mm 8 chini, kioo kinakuwa mm 2098. Mpelekee mtengenezaji karatasi ya vipimo vya pachi, asikisie matundu.

Hatua ya 4: Kuchimba na kuzika sanduku

Sanduku la mashine huwa na urefu wa kama sm 30, upana sm 11 na kina sm 5. Kata vigae kwa grenda yenye diski ya almasi, mstari ulionyooka, halafu chimba shimo lenye ziada ya sm 2 kila upande na chini. Kwenye ghorofa angalia mabomba ya umeme na nondo kwanza. Nondo ikijitokeza, simamisha kazi uzungumze na mhandisi wa jengo. Usiikate.

Lalisha sanduku kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3, mchanga wa mto uliochekechwa. Mashine iwe ndani ya sanduku wakati huo, na timazi liwe juu ya kichwa chake. Pima maji kwa urefu na kwa upana. Hakikisha pia sanduku linaenda sambamba na mstari wa mlango. Acha siku 3 kabla ya kupandisha kioo. Najua mwenye duka ana haraka ya kufungua, lakini sanduku likicheza nusu milimita leo, litacheza zaidi kila siku.

Hatua ya 5: Pachi kwenye kioo

Futa sehemu ya kioo inayobanwa kwa spiriti mpaka mafuta yote yaishe. Weka gasketi pande zote mbili na kikombe cha plastiki kwenye tundu. Chuma kisiguse kioo popote. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, unaleta msongo ukingoni mwa tundu, na hapo ndipo kioo hupasukia. Hakuna grisi hapa.

Hatua ya 6: Kupandisha

Watu wawili au watatu, glavu na viatu vya kufunika vidole. Pini ya juu irudishwe ndani kwa skrubu yake. Kalisha pachi ya chini kwenye kichwa cha mashine, simamisha kioo, shusha pini. Basi.

Hatua ya 7: Kurekebisha mwendo

Mashine nyingi zina valvu mbili. Ya kwanza inatawala mwendo kutoka mlango ulipo wazi hadi kama nyuzi 20, ya pili inatawala kipande cha mwisho. Zungusha robo mzunguko, jaribu, zungusha tena. Usifungue valvu mpaka ikatoka. Mafuta yako chini ya shinikizo na yatakurukia.

Kutoka nyuzi 90 hadi kufunga, sekunde 5 mpaka 7 zinafaa. Kiwango cha Marekani cha majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu kinataka zisipungue sekunde 5 kutoka nyuzi 90 hadi 12, na ni kipimo kizuri pia kwa mama aliyebeba mtoto na mzee mwenye mkongojo.

Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari, na asubuhi za Julai ni baridi kweli. Mafuta yanakuwa mazito na mlango unapunguza mwendo. Fundi akirekebisha saa moja asubuhi, saa nane mchana mlango utajipiga. Rekebisha saa nne au saa tano, kisha urudi kuangalia mchana. Moshi iko chini zaidi na ina joto, tofauti huonekana kidogo.

Hatua ya 8: Maji na vumbi

Kabla ya kufunga mfuniko, jaza nafasi iliyobaki ndani ya sanduku kwa nta au lami laini ya kuzibia, ili maji yasipate pa kukaa. Zungusha silikoni pembeni mwa mfuniko. Adui hapa siyo masika peke yake. Ndoo ya asubuhi inayomwagwa mlangoni na kusukumwa kwa ufagio hupeleka maji ya sabuni na vumbi laini moja kwa moja kwenye kichwa cha mashine, kila siku ya mwaka. Waambie wanaofagia watumie dekio lililokamuliwa.

Weka kizuizi cha sakafuni kabla kioo hakijafika ukutani. Bandika alama kwenye kioo kwenye vimo viwili, sm 85 hadi 100 na sm 140 hadi 160, ili mtu asikivae. Baada ya wiki moja kaza tena skrubu za pachi.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi Sakina: Mkuu, asante kwa somo. Mlango wangu unafunga lakini unasimama umepita katikati kama sm 1. Timazi nimelipima, liko sawa.

*Jibu:* Hapo ni sanduku limezungukia pembeni kidogo. Fungua mfuniko, utaona skrubu za pembeni zinazoibana mashine ndani ya sanduku. Legeza upande mmoja, kaza upande wa pili, mashine itazunguka kidogo na mlango utarudi katikati. Usiguse valvu, hazihusiki.

Mama Neema, Mbuyuni: Habari za kazi. Mashine yangu inatoa mafuta, fundi anasema ataongeza mengine. Nimkubalie?

*Jibu:* Nzuri, mama. Usimkubalie. Mafuta yakitoka maana yake sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) imekufa, na utakayoongeza yatatoka njia ileile. Badilisha mashine. Sanduku libaki, ila ununue mashine inayoingia sanduku hilo. Na yafute mafuta sakafuni leo hii, vigae vinateleza vibaya.

Kijana wa Njiro: Kioo cha ofisini kimelipuka chenyewe usiku, hakuna mtu. Inawezekana?

*Jibu:* Inawezekana. Sababu moja ni chembe ya nikeli salfaidi iliyobaki ndani ya kioo wakati wa kutengenezwa. Inaongezeka ukubwa polepole hadi kioo kinapasuka. Njia ya kupunguza hatari ni kuagiza kioo kilichopashwa joto mara ya pili kiwandani, ili vyenye chembe vipasukie hukohuko. Sababu nyingine, ambayo fundi anaweza kuizuia, ni ukingo uliogongwa wakati wa kupakua au pachi iliyogusa kioo. Kagua pachi kabla ya kuweka kingine.

Injinia Mdogo: Slabu yetu ya ghorofa ya pili haina nafasi ya kuchimba sm 7. Nifanyeje?

*Jibu:* Tumia pachi ya chini yenye haidroliki ndani yake. Inakaa juu ya bamba dogo lililofungwa sakafuni, hakuna shimo kubwa. Angalia tu kilo na upana wake.

Dada wa Moshi: Shikamoo mwalimu. Mbele ya duka tumefunika kwa paneli za alukobondi mpaka juu ya mlango. Pini ya juu naweza kuifunga kwenye paneli?

*Jibu:* Marahaba. Hapana kabisa. Paneli ya mm 4 ni ngozi mbili nyembamba za aluminiamu, mara nyingi nusu milimita kila moja, na katikati ni kiini. Pini itaikwanyua. Toboa paneli, upitishe bolti mpaka bomba la chuma lililofungwa kwenye linta, na uweke plastiki kati ya chuma na aluminiamu ili unyevu usile aluminiamu. Kisha muulize aliyewauzia paneli kiini ni cha nini. Kiini cha polithini tupu kinawaka. Ndicho kilichokuwa kwenye paneli za Grenfell Tower, London, jengo lililoungua tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72. Kwa jengo la ghorofa, au juu ya mlango ambao watu watatokea moto ukizuka, dai paneli yenye kiini kinachozuia moto, na uone karatasi ya majaribio yake.

Fundi Sakina: Nyongeza kidogo hapo. Mlango wa dharura nao niweke kitasa cha sakafuni, mwenye jengo anaogopa wezi?

*Jibu:* Mlango wa dharura ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, kwa kusukuma tu, muda wote watu wakiwemo. Weka mtambo wa ubapa wa kusukuma (fito ya mlalo inayofungua mlango ikisukumwa) kwa ndani na silinda ya ufunguo kwa nje. Mwizi wa nje hatapita, na aliye ndani hatatafuta ufunguo kwenye moshi. Kwa mlango huo usitumie mashine inayoshikilia mlango wazi kwenye nyuzi 90.