Kupima mwinamo wa Dunia kwa kivuli cha ufito, Lubumbashi

Wengi hueleza kwamba Januari kuna joto kwa sababu Dunia iko karibu na Jua, na Juni kuna baridi kwa sababu iko mbali. Mkaaji wa Lubumbashi anashawishika upesi, maana tarehe zinaafikiana: mwanzoni mwa Januari tuko kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, mwanzoni mwa Julai milioni 152. Lakini Januari hiyohiyo watu wa Brussels wamevaa makoti mazito. Umbali hubadilisha nguvu ya mwanga kwa asilimia 7 hivi tu. Majira yanaletwa na mhimili wa Dunia, ulioinama nyuzi 23.4, na mwinamo huo unaweza kuupima uani kwako.

Anza kati ya Mei na Agosti, wakati wa kiangazi, mbingu zikiwa safi. Sawazisha ardhi mahali ambapo kivuli cha mwembe au ukuta hakifiki tangu saa nne hadi saa tisa. Simika ufito ulionyooka, ubaki mita 1 kamili juu ya ardhi, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi na ulinganishe ufito na uzi huo kwa pande mbili, uone kama umesimama wima. Usiharakishe hapa: ufito ulioinama nyuzi 2 tu husogeza ncha ya kivuli sentimita 3.5, na kosa hilo litakufuata mwaka mzima.

Kisha tafuta mstari wa kaskazini na kusini. Dira hudanganywa na mabati na vyuma, kwa hiyo tumia Jua. Saa nne asubuhi piga msumari kwenye ncha ya kivuli, funga uzi chini ya ufito na uchore duara linalopita kwenye msumari huo. Kivuli kitafupika, halafu kirefuke. Ncha ikigusa duara tena, piga msumari wa pili. Mstari kutoka kwenye ufito hadi katikati ya misumari hiyo ndio unaoutaka. Ukijaribu mwishoni mwa Oktoba au katikati ya Februari, katikati hiyo huangukia karibu sana na ufito wenyewe, na hutapata mstari wa kuaminika.

Kila tarehe 21 ya mwezi, pima urefu wa kivuli kinapolala juu ya mstari. Usifuate saa ya mkononi: adhuhuri ya Jua Lubumbashi hufika saa tano na dakika 54 mwanzoni mwa Novemba, na saa sita na dakika 24 katikati ya Februari. Ncha huwa na ukungu wa sentimita moja hivi. Chukua katikati yake. Mawingu yakifunga Desemba, pima siku mbili tatu baadaye bila hofu, kwani wakati huo Jua halihami sana. Machi na Septemba usichelewe: kivuli hubadilika karibu milimita 7 kwa siku.

Juni utapata sentimita 70 kuelekea kusini. Machi na Septemba, 21 kuelekea kusini. Desemba ni 21 tena, lakini kuelekea kaskazini! Ndiyo maana lazima uandike upande pamoja na urefu. Karibu na 18 Februari na 24 Oktoba Jua hupita utosini na kivuli hutoweka.

Sasa chora kwenye karatasi ufito wa sentimita 10, kivuli cha Juni (7) na cha Desemba (2.1) pande zake mbili, na unganisha ncha zao na kilele. Pembe ya kileleni, ukiipima kwa pimapembe, ni nyuzi 47 hivi. Nusu yake ni mwinamo wa Dunia, kwani Juni mhimili umeinamia upande mmoja kuhusu Jua na Desemba upande wa pili.

Kivuli kirefu cha Juni kinaeleza pia baridi ya asubuhi: mwanga unaokuja kwa mshazari hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, na mchana una saa 11 na dakika 27 tu, wakati Desemba unafika saa 12 na dakika 48.

Ukiwa na ndugu Goma, karibu na ikweta, mwombe apime vilevile. Huko mchana hutofautiana dakika 12 tu kwa mwaka, na vivuli vyake vitakuwa sentimita 47 kusini mwezi Juni na sentimita 40 kaskazini mwezi Desemba. Akichora pembe yake, naye atapata nyuzi 47.