Lizuie jua kabla ya kioo: kuchagua kanopi na mapazia ya nje kwa nyumba ya Lubumbashi

Mwezi wa tisa ukiingia, maombi yanayofika kwenye karakana yangu hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, yanafanana. "Papa, mu kile chumba hatuwezi kulala." Mama anayesema hivyo kwa kawaida ameshanunua pazia zito na feni. Pazia lenyewe linachoma ukiligusa, na feni inangoja umeme urudi. Mimi ni fundi chuma; natengeneza milango, antivole (vyuma vya kuzuia wezi madirishani) na vivuli vya madirisha, na mke wangu ndiye anayeshona vitambaa na neti zinazokaa kwenye fremu zangu. Kabla sijatoa futi mfukoni nauliza swali moja: dirisha hili linatazama wapi? Mwenye nyumba akijua jibu la swali hilo, nusu ya fedha yake imeshapona.

Nuru ya jua hupita kwenye kioo bila shida. Ikifika ndani inatua kwenye pazia, sakafu, godoro na kabati. Vitu hivyo vinapata moto na kuutoa, ila joto linalotoka kwenye vitu halipiti tena kwenye kioo kwa urahisi ule ule. Linabaki chumbani na wewe hadi usiku. Ndiyo maana pazia la ndani, hata liwe zito namna gani, linaanza kazi wakati joto limeshaingia. Kitambaa kile kile ukikitundika nje, na hewa ikipita nyuma yake, joto lake linaondoka na upepo wa uani.

Paa nalo nalitazama mapema. Nikikuta mabati yako wazi bila plafo, yaani dari, namwambia mwenye parseli, kiwanja chake, aache kwanza kanopi, kile kipaa cha juu ya dirisha. Mwezi wa kumi, saa sita mchana, jua linakuwa utosini kabisa. Karibu na tarehe 24 Oktoba fimbo uliyoisimamisha wima uani haina kivuli. Siku hizo paa linapigwa kuliko ukuta wowote. Weka plafo, acha matundu ya hewa juu kwenye kuta za pembeni, ndipo tuzungumze madirisha.

Pande nne, matibabu tofauti

Simama uani asubuhi, mkono wa kulia uelekee jua linakotoka. Unakotazama ni kaskazini. Nasisitiza hili kwa sababu maelekezo mengi ya kwenye intaneti yameandikwa na watu wa Marekani na Ulaya, nao wanahimiza ulinde kwanza dirisha la kusini. Kwao ni kweli. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kanopi inaweza kupunguza joto la jua la kiangazi linaloingia dirishani hadi asilimia 65 upande wa kusini, na hadi asilimia 77 upande wa magharibi. Lakini Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, kwenye nyuzi 11 na dakika 40 hivi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linapita kaskazini yetu. Linahamia kusini kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari tu, tena likiwa juu sana, na mawingu ya mvua yamejaa. Dirisha lako la kusini likiwa na ukingo wa paa wa nusu mita, liache. Usimlipe mtu kulivisha kitu.

Dirisha la kaskazini ndilo rahisi kulitibu, na ndilo linalofaidi kanopi kuliko mengine yote. Kipaa kinachochomoza sentimita 60 juu ya dirisha, karibu na tarehe 22 Septemba saa sita mchana, kinatupa kivuli cha karibu mita 2.9 ukutani: dirisha zima na mlango pembeni yake. Katikati ya Juni jua limeinama zaidi upande huo, na kipaa kile kile kinafunika sentimita 86 tu. Basi sehemu ya chini ya dirisha inapata jua katika miezi ile ambayo asubuhi zetu ni za makoti na watoto wanakwenda shule wakitetemeka. Wateja wengine wananiomba niongeze hadi mita moja na nusu ili wapate kivuli zaidi. Nawakatalia. Chumba kitakuwa cha giza, na Juni watakikosa kile kijua cha bure.

Kazi yenyewe iko magharibi. Chukua kanopi inayochomoza mita moja nzima, juu ya dirisha linalotazama magharibi, mwezi wa tisa. Saa tisa alasiri kivuli chake kinashuka karibu mita moja. Saa kumi kinashuka sentimita 56. Saa kumi na moja kimebaki sentimita 26, na chumba kimewaka. Kanopi ni kofia: inakinga jua lililo juu, na jua likishuka mbele ya uso haina msaada. Magharibi panataka kitu kilichosimama wima mbele ya dirisha, kinachoshushwa mchana na kupandishwa jioni. Hapo ndipo pazia la nje linapolipa kila faranga. Mashariki hesabu ni ile ile kwa kugeuza saa, lakini jua la asubuhi linakuta kuta zimepoa usiku kucha, na watu wengi wako kazini au shuleni. Fedha zikiwa chache, anza na chumba cha kulala cha magharibi, halafu sebule ya magharibi. Mashariki pangoje.

Kabla hujaagiza chochote, jaribu na kitenge. Funga kamba nje kuanzia pembe moja ya dirisha hadi nyingine, tundika kitenge kuukuu, kivute mbali na ukuta kwa vijiti viwili. Ndani, chora kwa chaki sakafuni mahali jua linapofika saa tisa, saa kumi na saa kumi na moja. Sogeza kitenge, panua, shusha, mpaka alama za chaki zibaki kivulini. Ukimletea fundi vipimo vya namna hiyo hawezi kukuuzia kitu kisichofaa, hata akitaka.

Kitambaa, neti, bati au mianzi

Kwa pazia la nje la magharibi mimi nachagua neti ya kivuli, ile ya plastiki inayotumika kwenye vitalu vya mboga. Inauzwa kwa asilimia ya nuru inayozuia. Ya 50 ni hafifu mno kwa saa kumi alasiri. Ya 90 inatia giza mpaka unawasha taa mchana. Kwa chumba cha kulala chukua 80, kwa baraza 70. Dukani shika pembeni mwa kipande uvute kwa nguvu. Neti iliyofumwa kwa mafundo haifumuki hata ikikatwa na mkasi. Ile ya utepe uliopishanishwa tu inaanza kuachia nyuzi pembeni, na upepo utaimaliza. Uliza pia kama imetengenezwa kustahimili jua, maana plastiki isiyo na dawa hiyo inakauka na kuvunjika mikononi.

Rangi inawachanganya watu. Neti nyeupe inarudisha jua, lakini ukikaa ndani inang'aa na kuumiza macho, na huoni uani. Nyeusi au kijani iliyoiva inapata moto yenyewe, ila unaona nje vizuri, na mchana jirani hakuoni. Kwa kuwa joto la neti linabaki nje, mimi napendelea rangi nyeusi, kwa sharti moja: iwe mbali na ukuta sentimita 20 hadi 30, juu na chini pawe wazi ili hewa moto ipande na kutoka. Neti iliyogandamizwa kwenye antivole inapika kioo. Usiku mambo yanageuka: ukiwasha taa, wa nje anakuona, kwa hiyo pazia lako jepesi la ndani libaki mahali pake.

Turubai la plastiki ni bei nafuu na ndilo linaloonekana kila mahali. Linazuia jua kabisa, na linazuia upepo kabisa vilevile. Chini yake hewa inasimama. Kwa kanopi fupi ya kaskazini linatosha. Usifungie nalo baraza. Turubai la pamba linapumua na kupendeza, ila mvua za Desemba hadi Machi zinalitia ukungu usipolikunja likiwa kavu. Kitambaa cha akriliki kilichotiwa rangi tangu kwenye uzi ndicho kinachodumu, na bei yake inaonyesha hivyo.

Kanopi ya bati haihitaji kushonwa wala kukunjwa, na kwa dirisha la kaskazini ni chaguo la heshima, mradi ufanye mambo mawili. Paka juu rangi nyeupe. Kisha acha nafasi ya vidole vitatu kati ya bati na ukuta, la sivyo hewa moto inayokusanyika chini yake inaingia moja kwa moja dirishani. Plastiki ile inayopitisha mwanga haizuii jua inavyotakiwa. Siifungi kwenye dirisha la mtu.

Mianzi na mikeka ya matete ni mizuri sana, na mafundi wetu wa barabarani wanaifunga kwa ustadi. Adui ni mchwa. Udongo wetu wa Katanga ndio huu wenye vichuguu vinavyozidi urefu wa nyumba, na matofali tunayachoma kwa udongo wa vichuguu hivyo hivyo. Pazia la mwanzi lisiguse ardhi; liishie sentimita 20 juu, na uchunguze kamba zake kabla ya kila msimu wa mvua.

Kufunga ukutani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoanguka, na kuanguka kwa kanopi juu ya mtoto si jambo dogo. Mvua za kwanza, mwishoni mwa Oktoba na Novemba, zinakuja na upepo wa ghafla unaoinua kanopi kutoka chini. Nyumba nyingi ni za matofali ya kuchoma, mengine laini, yamejengwa kwa udongo badala ya saruji. Skrubu ya plagi ya plastiki kwenye ungio la namna hiyo inatoka kwa mkono. Tafuta linta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha, ufunge hapo. Kama haipo, toboa ukuta mpaka ndani, pitisha bolti ndefu, na upande wa ndani weka bamba la chuma lenye upana wa kiganja ili mvuto usambae kwenye matofali kadhaa.

Kwa fremu natumia korniere, chuma cha pembe, ya milimita 30, rangi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi ya mwisho, hasa kwenye maungio ya kulehemu. Kitambaa cha kanopi kishuke angalau sentimita 25 kwa kila mita inayochomoza, maji yasituame. Pazia la nje lizidi dirisha sentimita 30 kila upande, kwa sababu jua linaingia kwa pembeni pia. Ukingo wa neti ukunjwe mara mbili, ushonwe kwa uzi wa poliesta, ndipo zibanwe pete za chuma za kupitishia kamba. Chini weka bomba jepesi la uzito na ndoano mbili ukutani. Wingu jeusi likitokea, fungua ndoano, kunja juu, funga. Kama nyumbani hakuna mtu mchana, agiza neti badala ya turubai, kwa kuwa upepo unapita kwenye matundu yake.

Kama antivole yako ina kijilango cha kutokea moto ukizuka, pazia la nje lifunguke kutoka ndani bila ufunguo. Hili silijadili na mteja.

Baraza linataka pazia upande wa magharibi tu. Pande nyingine ziache wazi, upepo wa kiangazi unatoka kusini mashariki na ndio utakaowapoza jioni. Na mbabula, jiko la makaa, isiwekwe chini ya neti wala turubai. Plastiki inayeyuka na kushika moto, na moshi wa makala ukikwamia chini ya kifuniko unaua watu. Jiko lisogezwe uani kabla sijafunga pazia.

Asiye na fedha ya fremu anaweza kupanda kivuli. Nyosha waya nne mbele ya dirisha la magharibi, sentimita 30 kutoka ukutani, kisha panda marakuja, ule mmea wa matunda unaotambaa, mvua zinapoanza Novemba. Majani yake hayapukutiki kiangazi ukiimwagilia. Usitegemee jakaranda kwa kazi hii: inapukutisha majani yake na kuchanua katika miezi ile ile ya joto kali, kwa hiyo inakupa maua na kivuli kidogo. Marakuja itahitaji muda kufika juu ya dirisha, na mpaka hapo kitenge chako cha majaribio kiendelee kukaa kwenye kamba.

Agiza kazi Julai au mwanzoni mwa Agosti, wakati mafundi wana nafasi na unaweza kumsimamisha mmoja akusikilize vizuri. Mwezi wa nane uishapo, vumbi jekundu la barabara limejaa kwenye neti. Ishushe, ioshe kwa maji na sabuni ya kawaida bila kusugua kwa brashi ya waya, na siku hiyo hiyo panda ngazi ukaze kila bolti.