Jinsi ya kukaa na bibi au babu akusimulie maisha yake

Mzee akianza kurudia stori za ujana wake kila jioni wengi tunasema ah huyu ashazeeka, tunarudi kwenye simu. Zamani hata madaktari waliona ni dalili ya akili kuchoka, mpaka mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, akaandika kwamba ni kazi ya kawaida ya uzee, mtu anayapitia maisha yake upya. Mwanasaikolojia Erik Erikson naye aliyagawa maisha kwenye hatua 8, na hii ndo ya mwisho, unayakubali yalivyokuwa au unakata tamaa.

Sasa usimwambie "bibi nisimulie maisha yako", atakujibu "maisha gani mjukuu wangu" na stori imekufa hapo. Mpe kitu mkononi. Mimi nilitoa kanga kuukuu kwenye sanduku la bibi, akaishika pindo, akainusa, basi tulikaa mpaka saa sita usiku. Ujana ndo uchimbe zaidi, kumbukumbu nyingi za wazee zimejazana kati ya miaka 10 na 30.

Miaka usiulize kwa namba, wengi hata cheti cha kuzaliwa hawana. Uliza kwa matukio makubwa ya Tanzania: Azimio la Arusha lilikukuta ushaolewa? Operesheni Vijiji mlihamishwa? Vita vya Kagera nani alienda? Tarehe zitajipanga zenyewe.

Akichanganya usimsahihishe, na ile "hiyo ushanisimulia" iache kabisa. Stori inayorudi rudi mara nyingi ina kitu hakijaisha. Bibi alikuwa anarudia ya ng'ombe aliyeuzwa na baba yake, mara ya tano sijui ya sita nikamuuliza we bibi ulitaka auzwe? Akanyamaza weee, nikatamani kuongea ila nikajikaza, mwisho akasema yule ng'ombe walimwahidi ndo wa kumpeleka shule, wakasoma kaka zake. Hapo usikimbilie "yameshapita bibi". Kaa naye, muulize ikawaje baada ya hapo.

Kurekodi omba ruhusa kwanza. Akichoka acha, mtaendelea kesho.

Ila kukumbuka ya zamani ni tofauti na kupotea njia ya kwake mwenyewe, au majuto yanayomnyima usingizi na kula wiki mbili mfululizo. Hayo mpeleke hospitali, usiseme ni uzee.