Stockfish ikizubaa, angalia Hash kwanza

Unapochambua mchezo wa chesi kwa Stockfish (injini, yaani programu ya kucheza na kuchambua chesi), usiiache Hash, sehemu ya RAM inayotengewa injini kwenye mipangilio yake, kwenye MB 16 inazokuja nazo. Kwa kompyuta yenye RAM ya GB 8, weka 1024 au hata 2048. Humo ndimo injini inatunza mikao ya kete ambayo imeshaipima, ili ikiikuta tena kwa mpangilio mwingine wa hatua isianze kuhesabu upya. Ila usiwe na tamaa: ukiipa 6000 huku kivinjari kina tabo ishirini (mimi huyo), kompyuta itaanza kuazima nafasi kwenye diski na kasi itaporomoka. Ukiendesha injini mbili, kila moja inachukua Hash yake, kwa hiyo gawa. Kwa uchambuzi wa sekunde chache, tofauti ni ndogo.