Somo: Kuchagua mbao mpya za kulalia boti kwenye trela

Trela nyingi za boti hapa pwani huchakaa kwa namna ileile. Chasisi bado nzima, magurudumu yanazunguka, lakini zile mbao mbili ndefu zinazobeba boti zimekuwa unga chini ya zulia. Mwenye boti hajui, maana zulia kwa juu bado linapendeza. Somo hili ni la kuchagua cha kuweka badala yake. Nazungumzia boti ya faiba ya mita 5 au 6 yenye mashine ya nje, kama zile za Msasani, Mtwapa na Kilifi. Mwenye boti ya alumini nitamtaja njiani, kwa sababu yeye ana hatari yake ya peke yake.

Jambo moja lishike kabla ya yote: ubao hauozi kwa kuloa, unaoza kwa kutokauka. Kila uamuzi hapa chini unarudi kwenye hilo.

Hatua ya 1: Kagua na upime

Chukua bisibisi ya ncha bapa, ingia chini ya trela, uchomeke kwenye ubao karibu na kila bolti. Hapo ndipo maji hukaa na ndipo uozo huanzia. Bisibisi ikizama bila kusukumwa sana, ubao huo umekwisha, hata kama kati ya bolti na bolti bado ni mgumu.

Kisha pima, na usipime ubao wa zamani peke yake. Pima boti. Ubao lazima ufike mpaka tezini, yaani nyuma ya boti, usawa wa pale mashine inapofungwa, au uzidi kidogo. Mashine ya nguvu farasi 40 hufika kilo 70 na zaidi. Ubao ukiishia sentimita 30 kabla ya tezi, uzito wote huo unaning'inia hewani, na kila shimo la barabarani linaugongesha. Baada ya muda tumbo la boti linapinda pale ubao ulipoishia, na boti iliyopinda hivyo huinamisha omo (pua ya boti) ikikimbia. Nimeona watu wakibadilisha propela na kuhamisha tangi la mafuta wakitafuta ugonjwa huo, kumbe ulitoka kwenye trela.

Hatua ya 2: Chagua ubao

Kwa boti ya ukubwa huu, mbili kwa nne (inchi) inatosha ikiwa mihimili ya trela iko karibu karibu. Mihimili ikiachana zaidi ya mita moja na nusu, chukua mbili kwa sita. Ubao ukilazwa hufuata umbo la boti, ukisimamishwa kwa ubavu hubeba zaidi bila kupinda.

Paini iliyotiwa dawa ndiyo rahisi kupata na ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi. Angalia ncha ya ubao dukani: dawa huingia vizuri kwenye sehemu ya nje ya mti, kiini hakiinywi. Ubao wenye kiini kikubwa katikati uache. Na ukikata, paka dawa ya mbao kwenye ncha uliyoikata na ndani ya kila tundu, maana umefungua mlango mpya.

Dawa inayotumika sana kwenye mbao na nguzo zetu ina shaba, kromiamu na aseniki. Vaa barakoa ukikata, na vipande visiende jikoni kuwa kuni. Shaba hiyohiyo ndiyo adui wa alumini. Boti ya alumini ikilala juu ya zulia lililoloa maji ya chumvi, na chini yake kuna ubao wenye shaba, alumini italiwa vitundu vitundu. Mwenye alumini asitumie ubao wa dawa hiyo hata kidogo.

Mkongo (Lamu na Mombasa, mbambakofi) na mvule hudumu bila dawa yoyote, ndiyo maana majahazi yamejengwa nao. Ni ghali na ni mzito, ila kwa alumini ndio jibu langu la kwanza. Ubao wa dari na mabaki ya fenicha usinunue.

Hatua ya 3: Au plastiki?

Polietilini nzito haiozi na haihitaji zulia. Ina mambo mawili. Kwanza, hurefuka kwa jua: mita 3 zikipanda joto nyuzi 30 huongezeka zaidi ya sentimita moja. Kwa hiyo tundu la bolti liwe refu kidogo, isipokuwa moja la katikati. Pili, huteleza mno, na hilo nalirudia kwenye maswali.

Ziko pia mbao za plastiki iliyorejelewa. Kwamba plastiki hiyo inavumilia bahari, jahazi la Flipflopi lilishaonyesha: lilijengwa Lamu, likashushwa 2018, na 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Lakini jahazi lina mataruma, zile mbavu za ndani, yanayoshikana. Ubao wa plastiki ulioshikwa sehemu mbili tu juani utalegea katikati. Weka chuma cha pembe chini yake urefu wote.

Hatua ya 4: Zulia

Chukua zulia la plastiki la kutumika nje, lenye nyuzi fupi, lisilo na mpira mgongoni. Lile lenye mpira hufungia maji. Funika juu na pande mbili, kisha upande wa chini uache wazi kabisa. Wengi huzungusha zulia lote wakidhani wanalinda ubao, na hapo ndipo wanapouzika ukiwa na maji yake. Pini ziwe za stenlesi na zipigwe ubavuni, mahali boti haigusi. Ubao ukitoka dukani ungali na unyevu, uache kivulini ukauke kwanza.

Hatua ya 5: Bolti na kufunga

Funga kutokea chini kila inapowezekana. Bolti ikipita juu, kichwa kizamishwe ndani ya ubao, kwani kichwa kilichojitokeza milimita 2 kitachimba faiba. Chuma chenye zinki nzito au stenlesi, usitumie bolti ya kawaida.

Badilisha ubao mmoja, ukimaliza ndipo uguse wa pili, ule wa zamani ukuonyeshe pembe na kimo. Kazi hii ifanyike boti ikiwa imetia nanga. Usiingie chini ya boti iliyoinuliwa kwa jeki.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Mimi niko Mwanza, ziwani hakuna chumvi. Bado nihangaike na yote haya?*

Marahaba. Kwenye bolti umepata nafuu, zinki inatosha. Kwenye ubao hapana, tena wewe ndiye wa kuangalia zaidi. Chumvi huzuia kidogo ukungu unaoozesha mbao. Maji baridi hayana kinga hiyo. Zulia liache wazi chini, na trela isimame kivulini penye upepo.

*Kaka, mafundi wa hapa Kilwa wanapaka sifa, yale mafuta ya papa. Inafaa chini ya zulia?*

Sifa imelinda vyombo vyetu miaka mingi, siidharau. Ipake kwenye mkongo au mvule, uiache ikauke siku kadhaa kabla ya zulia. Oili chafu ya gari ndiyo naikataa: inachafua boti na inavujia baharini kila ukishusha.

*Kwa nini tusitumie boriti za mkoko? Haziliwi na mchwa.*

Mikoko ni msitu wa hifadhi, huwezi kukata bila kibali. Na boriti ni ya mviringo, boti itaegemea kwenye mstari mwembamba. Faiba inataka ubao bapa.

*Nikipigilia mpira wa tairi kuukuu badala ya zulia?*

Mpira mweusi huacha alama kwenye faiba, na hunata. Wakati wa kuvuta boti kwa winchi utajuta.

*Nimeweka plastiki. Juzi kwenye mteremko wakati maji yametoka, boti ilianza kushuka yenyewe kabla trela haijagusa maji. Nifanye nini?*

Usilegeze winchi wala mnyororo wa omo mpaka tezi iwe imeanza kuelea. Maji yakitoka, hasa bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana), mteremko unakuwa mrefu na sehemu ya chini ina utelezi, kwa hiyo shusha maji yakiwa yamejaa. Ukiwa barabarani funga mikanda miwili tezini, kushoto na kulia. Na kama mteremko wako ni mkali sana, toa plastiki upande mmoja uweke ubao wenye zulia. Msuguano wa upande huo utakusaidia kuishika.